Koki ya Hewa Chafu

Mume wangu ni fundi bomba, na fundi bomba akiambiwa na daktari apumzishe goti wiki sita, anayepata adhabu ni mkewe. Wiki ya kwanza alifungua sinki la jikoni mara tatu, na wala halikuwa bovu. Wiki ya pili akagundua mchezo wa kompyuta wa watu wanaoishi ndani ya mwamba. Unawachimbia vyumba, unawatandikia mabomba ya hewa, na hewa ikikatika wanakufa. Nikashukuru. Sinki langu likapona.

Watu wake aliwapa majina ya ukoo mzima. Mimi nilipewa chumba cha mwishoni kabisa mwa bomba. Eti pametulia.

Jumatano mchana nilikuwa kwenye cherehani niliposikia naitwa kwa sauti ya msiba.

"Mama watoto, njoo uone. Umezimia."

Nikaenda na mkasi mkononi. Kweli, pale kwenye kioo nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya kitanda, uso umegeuka bluu. Alikuwa ameusimamisha mchezo, kwa hiyo kifo changu kilikuwa kinasubiri.

"Si urudie pale ulipohifadhi jana?"

"Fundi harudi jana. Fundi anatafuta hitilafu."

Akanionyesha kwa kidole. Pampu inavuta hewa, chujio linaitenganisha: safi inakwenda vyumbani, chafu inakwenda kwenye tangi. Sasa chujio limegoma, taa nyekundu. Alikuwa amelibadilisha mara mbili. Alikuwa amebomoa kona sita za bomba akidai ni kali mno. Alilaumu pampu, akalaumu mwamba, akawalaumu waliotengeneza mchezo.

"Na hiyo chafu ikitoka hapo inakwenda wapi?" niliuliza. Mimi mabomba siyajui, lakini najua uzi wa chini ukikwama, juu nako hakushoneki.

Akaifuata picha taratibu hadi mlangoni mwa tangi. Palikuwa na koki, imefungwa. Huyu mtu tangu aanze ufundi hajawahi kutoka kazini bila kufunga koki, na hata ndani ya mwamba alimaliza kazi yake, akafunga, akaenda kula. Bomba likajaa uchafu, chujio likakosa pa kuutema, na mimi nikazimia.

"Fungua basi!"

"Haifunguki hivihivi. Lazima mtu aende kwa miguu yake akaizungushe, na wote wamezimia." Akakohoa. "Isipokuwa mama."

Mama ni mama yangu mzazi, mkwe wake. Mume wangu alikuwa amemjengea humo chumba chenye mtambo wake mwenyewe wa hewa, akamkalisha kitini, akamfutia kazi zote. Hachimbi, habebi, hapiki.

"Mtume."

"Nimtume mama mkwe? Kwenye hewa chafu? Una wazimu?"

"Ni katuni!"

"Katuni yenye miwani yake."

Jamani, mimi nakufa na mume wangu anaona haya! Mwisho akachukua simu, akasimama wima na goti lake bovu, akampigia mama mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Samahani sana. Naomba ruhusa nikutume kidogo."

Akaeleza yote: mchezo, chujio, koki, mwanao kazimia. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila neno.

"Mwanangu," mama akasema, "tangu umuoe binti yangu, nikija kwenu nakalishwa. Kikombe siruhusiwi kuosha. Nakaa mpaka miguu inakufa ganzi, nyie mnaita heshima. Kwangu napanda ngazi napaka ukuta rangi. Nitume. Nitume, nakuomba!"

Nikaona aibu, maana anayemvutia kiti kila akija ni mimi.

Mume wangu akabonyeza. Mama wa kwenye kioo akainuka, akashuka ngazi, akaipita hewa chafu bila kusita, akaizungusha koki. Taa ikawa ya kijani. Kule mwisho wa bomba nikaamka, nikajikung'uta.

"Vipi, amepona?" mama akauliza.

"Amepona, mama. Asante sana. Sasa nenda kapum..."

Nikampiga kumbo.

"Sasa kuna ukuta wa kuchimba, mama," akasema. "Mgumu kidogo."

"Haya, nipe huo."