Bibi Bunrye na Rada ya Mlimani

Huku Seongju, Korea Kusini, tunakolima matikiti madogo ya manjano, hakuna aliyeielewa rada ambayo jeshi liliiweka mlimani mpaka mwenyekiti wa kijiji alipojitia ualimu. Alimwambia Bibi Kkeutsun arushe tikiti juu. Hilo ndilo kombora la Korea Kaskazini. Mwenyewe akashika la pili. Hilo likawa kombora la kulinda, lisilo na baruti, linaloongozwa na rada likaligonge la adui huko huko angani. Akalirusha. Matikiti yakapishana kwa heshima zote, lake likatua ndani ya mtungi wa soya wa Bibi Bunrye.

Tangu hapo Bunrye, mjane asiyemung'unya maneno, hakutaka hata kuisikia rada. Kila asubuhi yeye na wenzake walikaa barabarani kuzuia malori ya jeshi, na askari polisi wa kike wakaja kuwabeba kando huku wakiwaomba radhi. Bunrye alijua kujilegeza akawa mzito kama gunia la mchele uliolowa. Kumwondoa kulitaka askari sita, naye alijivunia hao sita kuliko alivyowahi kujivunia ndoa yake.

Kisha Wachina wakaja juu, eti rada inawachungulia hadi uani kwao. Watalii wao wakaacha kuja, biashara za Wakorea kule Uchina zikasuswa, na mgahawa wa Gicheol, mwana pekee wa Bunrye, huko Qingdao, ukabaki na nzi. Gicheol akaufunga akarudi kwa mama yake, yeye ambaye hapo awali alionekana sikukuu ya mavuno tu, tena mwaka akijisikia. Sasa anakoroma chumba cha pili, analalamika supu imezidi chumvi, na anaapa kwamba rada ikiondolewa tu, Wachina watapoa naye atarudi Qingdao. Bunrye alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

Asubuhi moja wenzake walipaza sauti kama kawaida, rada iondoke. Askari walipomfikia Bunrye, wawili tu wakamnyanyua. Kkeutsun alimfuata hadi kando ya barabara, amenuna.

"Dada, wawili tu? Na mbona hupigi kelele, unachezesha midomo?"

"Napiga."

"Mimi niko ubavuni mwako na sikusikii."

Bunrye alitazama nyumbani kwake, ambako Gicheol alikuwa bado amelala.

"Sasa nikipaza sauti," alisema, "halafu wakanisikia?"