Diski ya Kwaya na Sikio la Baba

Daktari wa masikio wa Tororo alimwambia Baba mambo mawili, na kwa kuwa Baba hakuyasikia vizuri, ilibidi niyarudie mimi kwa sauti kubwa kwenye korido, watu wa foleni wakisikiliza. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linakwenda, sauti za juu zikitangulia, na hakuna anayeweza kusema linakwenda kwa kasi gani. Baba alitikisa kichwa kama mtu anayetajiwa bei ya mahindi. Kisha akaniuliza, "Hiyo diski yangu. Wewe iko na kompyuta. Iko inashindwa nini?"

Diski hiyo ilikuwa na historia yake. Nilipokuwa bado sekondari, mgeni mmoja kutoka ng'ambo alipita Nagongera akirekodi kwaya za makanisa. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, na Mama ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza. Mgeni alisimamisha maikrofoni zake pande zote za kanisa, akaomba kuku wafukuzwe, akarekodi Jumamosi nzima. Baada ya muda mrefu akatuma diski moja ndani ya bahasha nene. Baba aliitia kwenye deki ya nyumbani. Deki ikaizungusha, ikaguna, ikaandika kwamba hakuna diski. Akaipeleka kwa jirani, kwa padri, kwenye kibanda cha filamu karibu na soko. Kote ikawa hivyo hivyo. Mwishowe ikakaa ndani ya kabati la vioo, na siku za soko wanakwaya wenzake wakawa wakimpita na kumwuliza, "Mwalimu, ile kwaya yako ya mabubu imeimba?"

Kwa hiyo Baba hakuwahi kuisikia kwaya yake mahali wanapokaa wasikilizaji. Mwalimu wa kwaya husimama mbele, karibu na wanaume wa sauti nzito, mikono juu, akili yake kwa yule atakayekosea. Alitaka kusikia kilichofika viti vya nyuma. Alikuwa amesubiri bila haraka, kwa sababu masikio yalikuwapo.

Mimi ninaishi Busia, upande wa Uganda, kwenye nyumba za kupanga zinazotazama foleni ya malori. Ninaandika habari za mpakani kwa redio: bei, foleni, nani amekamatwa na nini. Kazi hiyo imenizoesha kumaliza jambo moja kabla ya kushika lingine. Safari hii sikuweza kutulia. Nilianza habari nikaiacha katikati, nikainuka kuitazama diski, nikarudi, nikasahau nilikuwa nimeandika nini. Kila siku iliyopita niliihesabu kwenye sikio la Baba.

Tatizo la kwanza lilikwisha kwa kusoma tu. Diski ile si sidii. Ina sura na ukubwa wa sidii, lakini sauti imeandikwa humo kwa namna nyingine, kwa undani zaidi, na mwanga unaosoma sidii unaipita bila kuiona. Diski nyingi za aina hiyo hutengenezwa zikiwa na tabaka mbili, moja likiwa la kawaida, ili deki ya kila mtu iweze kuzicheza. Ya Baba ilikuwa na tabaka moja tu, lile lisiloonekana. Jirani yangu, mama anayebadilisha fedha karibu na geti, alinishauri niisugue kwa dawa ya meno. Nilimwambia haina hata mkwaruzo.

"Basi sugua hivyo hivyo," akasema. "Angalau itanukia."

Watu wa mitandaoni wenye diski kama hii wamepata njia ya kuzunguka. Kuna deki chache za Blu-ray zinazoweza kuisoma. Unatia programu ndogo kwenye flashi, unaichomeka flashi kwenye deki, unaunganisha deki na kompyuta kwa mtandao wa nyumbani, kisha kompyuta inaiomba deki iisomee. Dalili kwamba deki imekubali ni moja: sinia lake la kuwekea diski linafunguka lenyewe bila mtu kuligusa.

Nilivuka kwenda Busia ya Kenya, kwa kijana mmoja anayeuza vyombo vya mtumba: televisheni, pasi, spika zilizopasuka vitambaa. Deki niliyoitaka ilikuwa chini ya rundo.

"Madam, hiyo ni noma," akasema. "Inacheza kila kitu."

"Igeuze nione nyuma."

"Nyuma? Watu huangalia mbele."

Nilikuwa natafuta namba ya aina yake na tundu la kebo ya mtandao. Vyote vilikuwapo. Nikamwuliza rimoti iko wapi.

"Rimoti ni ya wavivu," akasema. "Wewe nakuona uko fiti."

Kwenye forodha ofisa aliufungua mfuko, akaitazama deki pande zote. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kusomea diski ya Baba.

"Baba yuko wapi?"

"Nagongera."

"Na diski?"

"Iko kwangu, hapo tu."

"Kwa hivyo wote mko Uganda, mlikuwa mnangoja deki." Akaandika alichoandika, akanipungia mkono nipite.

Nyumbani nilichomeka flashi, nikawasha deki, nikasubiri. Sinia halikufunguka. Nikazima, nikawasha. Halikufunguka. Ilinichukua siku nzima kugundua kwamba flashi yangu ilikuwa kubwa mno na imepangwa kwa mtindo mpya ambao deki ile ya zamani haiuelewi. Nikanunua ndogo kwenye duka la simu, nikaipanga kwa mtindo wa zamani, nikaichomeka. Sinia likatoka nje polepole, tupu, bila mkono wa mtu. Nikaiweka diski, nikalirudisha, nikabonyeza kwenye laptopu. Kioo kikaandika kwamba imeshindwa kuunganisha.

Maneno hayo niliyaona mpaka nikawa nayaona nikifumba macho. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha tundu. Nilizima kinga zote za kompyuta. Nilifuta programu na kuitia upya. Niliandika upya anwani ya deki, tarakimu moja moja, nikizisoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kila mara sinia lilifunguka lenyewe kwa adabu, na kila mara laptopu ikasema imeshindwa.

Na kila siku Baba alipiga simu.

"Imesema?"

"Bado, Baba."

"Nini?"

"Bado!"

"Sawa. Salimia yeye." Sikujua nimsalimie nani. Labda diski.

Siku moja Mama alimnyang'anya simu. Mama alizaliwa upande wa Kenya, kwa Wasamia, na Baba ni Japadhola wa Uganda. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na kila mmoja ana chake. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona, "siku hizi nikimwita anageuka upande usio wangu. Anatafuta sauti imetoka wapi. Jana alikwenda hadi getini, na mimi niko jikoni. Hiyo kazi yako itaisha lini?"

Nilimwambia wiki hii. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Kosa lilijionyesha wakati nikifanya jambo jingine. Hapa mpakani hakuna mtu wa laini moja. Tunabeba simu ya Uganda na simu ya Kenya, na wenye nyumba za kuona pande zote mbili tunaweka mitandao miwili, kwa sababu mmoja ukilala mwingine huwa macho. Kwangu kuna ruta ya Uganda sebuleni na kidude cha mtandao wa Kenya dirishani. Laptopu inavijua vyote viwili, na huchagua chenye nguvu bila kuniuliza. Nimeishi hivyo kiasi kwamba siangalii tena niko kwenye upi. Siku hiyo nilituma habari ya lori lililopinduka na mayai, na nilipokuwa nangoja mhariri aseme imefika, jicho likaangukia pembe ya kioo. Nilikuwa nimetuma kwa mtandao wa Kenya. Nilikuwa kwenye mtandao wa Kenya tangu nianze. Deki, kwa kebo yake, ilikuwa imeshikwa na ruta ya Uganda. Vyombo viwili juu ya meza moja, vilivyoachana shubiri moja tu, na mpaka umepita katikati yao.

Nikakizima kidude cha dirishani. Nikabonyeza. Laptopu ikaanza kusoma.

Ilisoma mchana kutwa. Wapangaji wote tunatumia njia moja ya umeme, hivyo nilizunguka mlango hadi mlango kuwaomba wasichomeke pasi. Mama wa fedha aliniuliza kama nina mgonjwa anayepumulia mashine ndani. Nilirudi kukaa mbele ya ile asilimia, nikainuka, nikakaa. Ilipofika mwisho nilicheza faili la kwanza, na kilichotoka ni mvumo tu, kama mvua juu ya mabati ya mbali. Lakini hilo lilikuwa dogo: sauti ilikuwa bado katika lugha ya diski, na programu yangu haikuielewa. Nikaigeuza kuwa ya kawaida, nikaiongeza nguvu kwa sababu ilikuwa chini mno. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, mtu akakohoa, na kanisa la Nagongera likafunguka ndani ya chumba changu. Nilisikiliza mwanzo wa kila wimbo ili kuhakikisha, nikafunga. Nilitaka Baba awe wa kwanza kuusikia mzima.

Jumamosi nilifika Nagongera na laptopu na spika nzuri ya kuazima. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliketi akaigeuzia spika upande wa kushoto, macho sakafuni. Wimbo ukaanza. Kichwa chake kikatikisika taratibu, kikasimama.

"Wanaume iko sawa," akasema. "Ngoma iko. Wanawake iko wapi?"

Nilikagua kebo. Nilikagua spika. Nikakumbuka kwamba diski ina michanganyo miwili, mmoja wa spika mbili na mwingine wa spika nyingi, nikadhani nimebeba mbaya. Nikacheza ule mwingine. Nilikuwa nimeinama juu ya mashine, jasho linanitoka, Mama alipotokea mlangoni na ungo mkononi.

"Mnatafuta nini?" akauliza. "Si mimi huyo naimba?"

Ndipo nikasikiliza kama mtu, nikaacha kusikiliza kama fundi. Sauti ya Mama ilikuwa imejaa chumbani, juu ya nyingine zote, safi hadi pumzi yake. Baba alitutazama kwa zamu.

"Iko inaimba saa hii?"

"Sasa hivi, Baba."

Akainuka, akaliweka sikio lake la kushoto juu ya spika. Akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akamwambia Mama, wala si mimi, "Mimi hapana sikia wewe."

Daktari alikuwa amesema sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo kwenye korido kwa sauti kubwa, na sikuwa nimeyaelewa. Hakukuwa na kosa lolote kwenye faili. Mama aliweka ungo chini, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Sikuweza kukaa kitako. Nilizunguka meza, nikarudi kwenye laptopu, na nikafanya jambo la kijinga ambalo redioni hulifanya kwa mzaha: niliupunguza mwendo wa wimbo kuwa nusu. Sauti ikicheza polepole hushuka, na ya Mama ilishuka mpaka karibu na ilipo ya wanaume. Ilitoka nzito, ya kujivuta, kama ya mtu mwenye mafua.

Baba aliinua kichwa. "Mzee gani huyo?"

"Ni mimi," Mama akasema. Baba hakusikia. Mama akamsogelea, akamwambia karibu na sikio, "Ni mimi!"

"Wewe?"

"Maisha yote unalalamika napiga kelele juu. Haya, nimeshuka."

Baba alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Akaniambia nirudishe. Katika mwendo ule wa polepole kila kitu kilikuwa wazi, na mwanzoni mwa kila ubeti kulikuwa na mdundo mmoja wa kiatu juu ya saruji. Aliutambua mara moja.

"Hiyo mguu ni yangu. Simamisha. Rudisha." Tukasikiliza tena. Sauti ya Mama iliingia, na kisigino kikafuata. "Unaona? Alikuwa anaingia mbele ya mguu. Mimi nilisema kila siku, yeye alikataa."

"Nilikuwa nimechoka kukungoja," Mama akasema karibu na sikio.

"Umechoka wimbo ya kwanza?"

"Nilichoka tangu mazoezi."

Walibishana hivyo mpaka chakula kikapoa, na nyimbo zote zikapigwa, za polepole kama maandamano ya mazishi, na Baba akauliza majina ya waliokufa kwa kila sauti aliyoitambua.

Tangu hapo ninakwenda kila ninapopata nafasi. Mwanzoni nusu ya mwendo ilitosha. Kisha haikutosha, nikashusha zaidi. Ninaishusha sauti nikiwa Busia kabla ya safari, na nikifika naishusha tena. Mara ya mwisho maneno yalikuwa yamepotea, na sauti ya Mama ilikuwa kama lori lililosimama injini ikiunguruma. Mama alikaa kando yake, na kila ilipofika zamu yake alimgusa goti ili ajue.

"Acha," Baba akamwambia. "Nasikia."

Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu, nyuma kidogo ya sauti, kila ubeti. Huenda alikuwa akisikia. Huenda alikuwa akiukumbuka wimbo tu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningeweza kuzima kimya kimya nione kama mguu ungesimama. Mama aliniona, akanitazama. Nikakiondoa kidole, nikaiacha iimbe.