Gereza la Bibi Harusi

Katika mwaka wa pili wa uzamili wangu wa tafsiri nilipewa filamu ya kutisha ya Kihindi niitilie maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Sijui Kihindi, nilitegemea orodha ya mazungumzo kwa Kiingereza, na msimamizi wangu alilijua hilo. Katika filamu hiyo bibi harusi anahamia katika ngome ya ukoo wa mumewe, jangwani, na ndani ya ukuta mmoja yumo mwanamke aliyezikwa hai, ambaye njuga zake husikika kila taa zinapozimika. Kila ngome ilipotajwa, niliandika “gereza”. Nilikulia Mombasa, na nilikuwa nimetumia kurasa nne za tasnifu kujiridhisha kwamba neno hilo zamani lilimaanisha ngome kabla halijawa jela, na kwamba ukale wake uliifaa filamu.

Nilitakiwa kuyajaribu maandishi hayo mbele ya watazamaji wa kawaida. Niliwaomba wawili: mama wa Kirundi aliyenipangishia chumba mtaa wa Glenwood, huku ugenini nilikosomea, ambaye hushona nguo katika duka dogo la mtaa wa Umbilo, na rafiki yake wa Kikongo, muuza mitumba. Mume wa mama huyo, kama mama mwenyewe alivyonieleza, alikuwa safarini. Jumapili, baada ya ibada, tuliketi sebuleni kuitazama. Nilishika daftari.

“Tumefika gerezani,” yalisomeka maandishi, na bwana harusi akamshusha mkewe garini akitabasamu.

“Eish. Na anacheka,” alisema rafiki. “Hii gereza iko na kitanda ya dhahabu. Nani alimufunga?”

“Hajafungwa, mama. Wanahamia humo.”

“Kwa kupenda?”

Niliandika: mkanganyiko, dakika ya kumi na moja. Bibi harusi alipoweka sikio ukutani, mwenye nyumba aliinuka, akaenda jikoni, akabaki huko mpaka mwisho huku maji ya bomba yakitiririka. Hilo pia niliandika, kama dalili kwamba filamu inatisha ipasavyo.

Aliporudi aliniuliza, “Mwanangu, wewe umesoma. Mtu akiingia gereza, ile kitu ya ukuta inamushika na yeye?”

Nilimjibu kwa ukamilifu. Nilisema kwamba neno lilitoka kwa Wareno, kwamba kwao lilimaanisha kanisa, na kwamba makanisa yao yalijengwa ndani ya ngome.

“Kwa hiyo ni kanisa,” alisema.

“Kwa asili yake, ndiyo.”

“Profesa,” alisema rafiki yake, akikusanya vikombe, “bwana yake haiko kanisa. Iko gereza miezi ine, sababu ya makaratasi ya kukaa hapa. Jumanne ni siku ya kumuona, na huyu hajaenda hata mara moja. Anaogopa. Leo alikuwa amekubali, na wewe unamuletea shetani.”

Mwenye nyumba alisema kwamba hataenda, akaanza kukunja vitambaa vya makochi.

Nililibadilisha neno kila lilipotokea, mara thelathini na saba. Jumanne asubuhi nilimkuta jikoni amevaa nguo ya kanisani, viatu mkononi, ameketi. Nikafungua kompyuta mbele yake.

“Nimerekebisha, mama. Ni ngome. Hakuna aliyefungwa.”

Alisoma polepole, akisogeza midomo. “Umebadilisha neno,” alisema. “Mwanamke bado anaingia.”

Majibu kadhaa yalinijia, yote kuhusu maneno.

“Anaingia bila kujua nani yumo,” nilisema mwishowe. “Wewe unamjua.”

Alivaa viatu. “Twende. Lakini ndani ya teksi usinieleze kitu.”

Kwenye geti la gereza waliruhusu mtu mmoja tu, tena bila simu. Nilibaki nje kando ya uzio nikiwa na simu yake. Katika nusu saa ile nilijaribu kulitenga kosa langu na kulipatia jina. Halikuwa katika neno, kwani neno lingeweza kutetewa hata sasa. Nilikuwa nimesikia maji yakitiririka kwa zaidi ya saa nzima, na nikayahesabu kuwa mafanikio. Nilihamisha simu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Alitoka kwa mwendo uleule alioingia nao.

“Amesema nimechelewa,” alisema, akinyoosha mkono apokee simu. “Jumanne ingine anataka sabuni.”