Siku Niliyomfukiza Sultani

Udi ukichomwa katika nyumba niliyoalikwa, mimi huwa wa kwanza kutafuta dirisha. Wenyeji hudhani nina pumu, nami huwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa maelezo yenyewe ni marefu na kahawa hupoa. Nyinyi nitawaeleza, maana hamna njia ya kunikatiza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Kibokoni, orofani katika nyumba ya nyanya yangu, mimi, yeye, mama na baba. Dada yake baba, Shangazi Zuhura, alikuwa anakwenda Umra kwa wiki mbili, na alikuwa na ndege asiyeweza kuachwa peke yake. Wengi wenu mmezoea kasuku wa kijivu. Huyu alikuwa mweupe pepepe, mkubwa kama kuku mtetea, na kichwani alikuwa na kishungi cha manjano alichokisimamisha kila alipofurahi au kukasirika, ukawa hujui ni lipi mpaka akuume. Aliletwa kutoka ng'ambo na marehemu mume wa shangazi, aliyekuwa mpishi wa melini. Shangazi alikuwa karani huko bandarini, hakujaliwa mtoto, na tangu afiwe aliishi Makupa na ndege huyo tu. Alimwita Sultani.

Alinikabidhi mimi. Hakumkabidhi mama wala nyanya, ila mimi, ambaye mwezi uliotangulia nilikuwa nimeangusha sinia nzima ya vikombe mbele ya wageni.

"Namuwata kwako, Mwanaisha," aliniambia, akinishika bega. "Nikirudi nimkute vivi hivi."

Nilivimba kichwa kwa siku tatu. Asubuhi nilibadilisha magazeti chini ya tundu, nikamwekea maji safi, mbegu za alizeti na kipande cha papai alichokila nusu na nusu kukirusha ukutani. Jioni nilimkuna nyuma ya kishungi, naye akafumba macho na kuinamisha shingo kama mzee anayenyolewa. Alikuwa na maneno mengi, ya salamu na ya matusi, na kelele zilizowafanya majirani watusalimie kwa kifupi. Manyoya yake yalitoa ungaunga mweupe uliotanda kwenye makochi, mapazia, hata kwenye chai. "Huyu ni ndege au ni gunia la unga?" mama alilalamika, huku akipangusa meza kwa mara ya tatu. Lakini nilimwona akimpenyezea karanga alipodhani sitazami.

Siku moja kabla ya shangazi kurudi, nyumba ilipinduliwa juu chini. Mama alifua mapazia. Nyanya alichambua mchele wa pilau. Baada ya Alasiri mama akatia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi, akafukiza nguo zake na nywele zake kama afanyavyo kila akitarajia mgeni wa heshima. Alipomaliza alikiacha chetezo ukumbini, akateremka kwa jirani kuazima sufuria kubwa. Nyanya alikuwa jikoni.

Nikamtazama Sultani. Nilikuwa nimemwoshea tundu, nimempangusa hata kucha. Kila mtu na kila kitu ndani ya nyumba kilinukia isipokuwa yeye. Basi nikachukua chetezo, nikakiweka chini ya tundu, nikaongeza vipande viwili vya udi, kisha nikalifunika tundu lote kwa leso mbili za kujitanda, kama nilivyoona bibi harusi akifanyiwa. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nilimsikia akipiga mbawa ndani, nikamwambia avumilie, uzuri una kazi.

Kisha mbawa zikanyamaza. Kikafuata kishindo kidogo, kitu laini kikianguka.

Nilipofunua, Sultani alikuwa chini, juu ya magazeti, mdomo wazi, kishungi kimelala. Mkia wake ulipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Nilirudisha chetezo mahali pake. Nilikunja leso. Nataka mjue hivyo: kabla sijaita mtu, nilikunja leso.

"Nyanya! Sultani yuwaumwa!"

Nyanya alitoka jikoni akikausha mikono. Alichutama mbele ya tundu, akamtazama sana. "Amefanyani? Umempa n'ni leo?"

"Papai," nilisema. Ulikuwa ukweli.

Mama aliingia na sufuria lake, akalitua mlangoni. Wakashauriana juu ya kichwa changu. Mama alitaja daktari wa mifugo, lakini yule tuliyemjua alikuwa wa mbuzi na ng'ombe, tena ng'ambo ya pili. Nyanya akatikisa kichwa. Alikuwa ameshajua.

"Ni jicho hili. Tangu aje, watu wote wa mtaa wampandia kumtazama. Nileteeni ubani. Tumfukize."

Mama alileta ubani. Nyanya akavuta chetezo kilekile, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu. Nilisimama nimeegemea ukuta. Nikimwambia, mama atajua, baba atajua, na kesho shangazi atajua kuwa mimi ni yuleyule wa vikombe. Nisipomwambia, labda mambo yatapita. Sultani alipumua kwa sauti ya mlango mbovu. Ubani ukaanguka kwenye makaa, moshi mzito mweupe ukainuka. Nyanya akasema Bismillahi, akanyoosha mkono kuchukua leso.

"Usimtie moshi, nyanya! Ni mimi! Ni mimi n'lomfukiza!"

Mama hakungoja kuelewa. Alilinyakua tundu, akapanda nalo ngazi mbilimbili mpaka juu ya paa bapa la nyumba, kwenye kamba za nguo, palipokuwa na upepo. Tulimtoa Sultani, tukamlaza kwenye taulo. Mama alimdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole. Mimi nilimpepea kwa kipepeo cha jiko mpaka mkono ukafa ganzi, nikilia na kuomba kwa dua zote nilizofunzwa katika chuo cha Kurani, hata ile ya kuingia chooni. Nyanya alifika mwisho, akitweta kwa ngazi. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Walingoja n'ni, mwanangu?"

Maghribi ilipoadhiniwa, Sultani alikunja ukucha mmoja kwenye kidole changu, akakibana.

Kesho yake nilimwambia shangazi yote mwenyewe, nyanya akiwa amenishika mkono nisikimbie. Shangazi alimkagua ndege wake, akamweka begani. "Yu hai, alhamdulillahi," alisema, akanipa tasbihi ya kijani aliyoniletea kutoka Madina. Nikaona mambo yamekwisha. Nililala usingizi mzuri mno.

Miezi michache baadaye mama alinituma Makupa, nikakutana na shangazi mlangoni pake akitoka kazini. Alisimama, akagonga mlango wake mwenyewe, akaita, "Hodi." Akangoja. Halafu akatoa ufunguo mkobani.

"Shangazi," nilimcheka, "wampigia nani hodi nyumbani mwako?"

Naye akacheka nami sana, akanifungulia, akanitanguliza ndani. Sultani alikuwa kwenye kitulio chake, mweupe, mnene, kishungi juu, akitutazama. Hakusema kitu. Tangu siku ile ya udi hakuwahi kusema tena hata neno moja, na mimi nilidhani amekuwa na adabu.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi, naishi peke yangu katika chumba na ukumbi. Jioni moja, mwaka wangu wa kwanza humo, nilifungua mlango nikaingia kwenye kile kimya, nikasimama pale kizingitini. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote kabla ya siku ile ya udi kulikuwa na aliyemwitikia shangazi "Karibu" kila alipopiga hodi, na ni nani aliyemnyamazisha wakati akikunja leso. Tena nikajua kwamba siku ile mlangoni alicheka sana vile ili mimi nisijue.