Nyumba ya Fizi Tuliyonunua kwa Kitanda

Tulipohamia Fizi mume wangu alikuwa seremala kijana, nami nilikuwa bibi arusi ambaye hajazoea baridi. Nilikulia Baraka, ufukweni mwa ziwa, ambako mtu huamka tayari anatokwa jasho. Yeye alipata kazi ya kutengeneza mabenchi ya shule huko juu mlimani, tukapanga chumba kilichopakana na zizi la mbuzi. Mbuzi wakikohoa, tunaamka. Tukikohoa sisi, wanaamka wao.

Jioni moja akarudi kazini akaniambia kuna nyumba inauzwa.

"Ipi?"

"Ile ya njia ya kwenda mtoni."

"Ile inayoinama?"

"Inainama kidogo tu," akasema.

Mji mzima uliijua. Watu wakimwelekeza mgeni walimwambia: ukifika kwenye nyumba inayotaka kuanguka, shika kushoto. Ilikuwa ya mjane mmoja. Marehemu mumewe, mwashi, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na tangu alipokufa hakuna aliyeigusa hata kwa konzi ya udongo. Sasa binti yao aliyeolewa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, alimtaka mama yake aende kukaa naye.

Tulipokwenda kuiangalia, yule mama hakutuficha kitu. Alitutembeza chumba hadi chumba akinyoosha fimbo yake juu.

"Hapa inavuja. Hapa pia inavuja. Kule haivuje."

"Kule kuko muzuri?" nikauliza kwa matumaini.

"Kule paa haiko."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mume wangu alikuwa amepanda juu ya kinu, anagonga miti ya paa kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Aliposhuka alininong'oneza kwamba miti ni mizima, mwashi yule hakununua mti mbovu. Bei aliyotaja mama ilikuwa ndogo hata mume wangu akaona haya kuomba apunguziwe. Lakini mama alikuwa na neno moja zaidi.

"Fundi, kwa binti yangu banalala ku mukeka. Mi niko muzee, mifupa inauma. Unitengenezee kitanda ya mbao. Siku kitanda itaisha, ndiyo siku nitaondoka."

Wakakubaliana. Habari zilipofika Baraka, mama yangu mzazi alishangaa. "Nyumba banajenga, habanunue," akasema. "Ndugu zako bamekufa, hata habawezi kukujengea?" Kwetu ilikuwa hivyo kweli: watu wanakusanyika, wanakanyaga udongo, nyumba inasimama. Kununua nyumba ya mtu, tena mbovu, kulikuwa kama kununua kanzu iliyochanika wakati mama yako ni mshonaji.

Tukahamia hivyo hivyo, sisi wawili pamoja na mwenye nyumba wetu, maana kitanda kilikuwa bado mbao zinazokauka. Yeye alilala chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake ndio ulioinama. Mume wangu aliuegemeza kwa miti na kumwomba ahamie chumba cha mbele. Alikataa. Alisema amezoea kulala pale, na ukuta nao umezoea.

Kisha masika yakashika. Adhuhuri moja mvua ilikatika ghafla, jua likawaka, nami nikatoka uani kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nikasikia kishindo kama cha gunia la maharage linalotupwa chini. Niliacha mchi nikakimbia ndani.

Ukuta wa nyuma haukuwepo. Ulikuwa umeangukia nje, miti na yote. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, vumbi limemjaa kichwani hadi kwenye nyusi.

"Mama! Umeumia?"

Alikuwa anaangalia nje. Mbele yake vilima viliteremka kimoja baada ya kingine, na chini kabisa ziwa lilimetameta, safi baada ya mvua, na ng'ambo yake nchi ndefu ya bluu imelala majini.

"Kule ni Ubwari?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ah! Na mi miaka yote nimelala hapa, nimeipa mugongo."

Akaanza kucheka. Nami nikakaa kando yake, tukacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

Mume wangu aliporudi alikaa juu ya kifusi. Niliogopa atasema tumefanya ujinga. Akakuna kichwa. "Nilisema inainama kidogo tu," akasema. Mama akamwambia, "Fundi, usizibe yote. Uache dirisha. Kubwa."

Majirani walikuja, na wenzetu wa kanisani, wakafyatua matofali mapya. Mama yangu alipanda kutoka Baraka na kikapu cha ndakala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaushwa. Alijitwika mtungi akaenda kuchota maji ya kukanyagia udongo. Nilipika bugali na sombe kwa watu wote wale, na moshi wa jiko langu ulipotambaa kwenye paa niliona, kwa mara ya kwanza, kwamba niko kwangu.

Kitanda kilimalizika kabla ya dirisha kutiwa mbao zake. Kilikuwa kizuri, miguu imechongwa, kizito kupita kiasi. Tulikipakia kwenye kamyo, lori la pamba, tukashuka nacho hadi Baraka. Pale ufukweni wenye mtumbwi mkubwa walitaka kukifungua vipande. Yule mama mjane alikataa katakata. Basi kikawekwa kizima katikati ya mtumbwi, naye akapanda juu, akakunja kitenge vizuri, akakaa. Hivyo ndivyo alivyovuka ghuba, juu ya kitanda chake, akiwapungia mkono wavuvi waliosimamisha kasia kumtazama.

Mimi na mume wangu tulirudi mlimani siku iliyofuata. Nyumba ile hatukuimaliza kamwe. Kila kiangazi kilikuwa na kazi yake: mwaka huu jikoni, mwaka mwingine sakafu. Watoto wetu walizaliwa humo na kujifunza kutembea wakishika kuta zenye udongo mbichi, na kila mmoja aliacha kiganja chake kimejichapa mahali fulani ukutani. Mume wangu alitaka kuvisawazisha viganja hivyo. Nikamwambia aviache vikauke.