Mawingu Mawili ya Nuu

Kunde za soko la Mukuyuni siku hizi huuzwa safi, lakini juzi mama mmoja alinipimia zilizohifadhiwa kwa majivu. Nilizinusa, nikasimama pale kama mjinga huku watu wakinipita. Harufu hiyo ilinirudisha kijijini Nuu, kwa Susu, yaani nyanya yangu, nikiwa na miaka minane.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mama alienda Makindu kutafuta kazi, akaniambia mvua ikinyesha atarudi tupande. Basi kazi yangu ikawa kuangalia mbingu. Kila jioni baada ya kula nilikaa nje peke yangu, na mwisho wa Novemba nikaona mawingu mawili madogo, meupe, chini upande wa kusini. Mchana hayakuwepo. Lakini kila wiki lile kubwa lilikuwa limepanda kidogo, nami nikajiona mkubwa wa idara ya hali ya hewa.

Nilimsihi Susu tupande mapema, Mama akija akute kunde zimeota. Aliyatazama mawingu yangu, akaingia ndani. Asubuhi alifungua kibuyu cha mwisho cha kunde za majivu, akanigawia nusu. Nilizipanda kando ya njia, kwale wakazifukua. Mvua ilikuja Aprili. Mama hakuja, na niwaambie ukweli, upweke ule sijauzoea hadi leo.

Nikiwa sekondari, mwalimu wa jiografia alichora galaksi yetu ubaoni, na pembeni galaksi mbili ndogo, jirani zetu, zinazoonekana kusini kama vipande vya wingu. Kila moja imejaa nyota, alisema, na ziko mbali mno. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinishinda.

Likizo ilipofika nilimweleza Susu. Akacheka kidogo.

“Hayo nimeyaona tangu nikiwa msichana,” akasema. “Hayanyeshi.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa kunde.

“Mama yako alikuwa ametuma habari kwamba ameolewa huko, harudi. Ningekuambia nini, Mwende?”

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipokuja kuelewa kwamba kunde zile nilizowapandia kwale zilikuwa chakula chetu. Desemba ile Susu aliniambia jioni nyingi kwamba hasikii njaa, nami nikala sehemu yake nikiangalia kusini.