Jani la Shangazi Rahabu na Saini Yangu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatemesha watu mate kwenye chupa.

Usicheke. Kazi hiyo ilinitenganisha na mtu aliyenilea.

Ilikuwa mwaka 1973, Lushoto. Niliajiriwa kukusanya mate ya wagonjwa na kuosha chupa na visahani kwenye maabara ndogo. Bosi wangu, Bwana Fanueli, mtu wa Tanga, alikuwa akichunguza vijidudu vinavyoozesha fizi.

Dawa za nje zilikuwa adimu. Kila kikao ni kujitegemea tu. Siku moja akaniuliza, "Secilia, kwenu Gare mtu mwenye fizi mbovu anatibiwa na nini?"

Nikaropoka. "Shangazi yangu ana jani."

Jani lenyewe Shangazi Rahabu, aliyenilea, alionyeshwa na mama yake. Nilimbembeleza wiki nzima.

"Jina langu litaandikwa?"

"Litaandikwa, shangazi. Bwana Fanueli kaapa."

Akachuma majani mwenyewe, akanijazia kikapu.

Tuliyatwanga, tukayaloweka kwenye spiriti, tukachovya humo vikaratasi vya duara. Tukaviweka kwenye visahani tulivyooteshea vijidudu vya mate ya wagonjwa.

Kesho yake asubuhi, weee! Kuzunguka kila kikaratasi palikuwa peupe. Vijidudu vimekwisha!

Fanueli alicheka kama mtoto. Kisha akanisogezea karatasi ya Kiingereza.

"Saini hapa. Ni ya kuthibitisha tu kwamba ulikuwepo."

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nikasaini.

Miezi mitatu baadaye akapandishwa cheo, akahamia Dar es Salaam. Hakuniaga.

Ndipo Efrazia, karani wa kupiga chapa, akaniita pembeni. "Wewe, unajua ulisaini nini?"

Akanisomea kwa Kiswahili. Jani limegunduliwa porini na Bwana Fanueli. Shangazi hayumo. Chini yake, mimi Secilia nathibitisha kwamba hakuna mganga yeyote aliyewahi kulitumia.

Nilichoka.

Nikapanda Gare siku hiyohiyo. Shangazi alikuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo, shangazi."

Akang'oa gugu jingine.

"Bosi wako alikuja hapa kabla hajaondoka," akasema bila kuinua uso. "Alitaka majani mengine. Nikamuuliza habari ya jina langu. Akanionyesha saini yako. Akasema wewe ndiye uliyetaka nisiandikwe. Eti unaona aibu kuwa na shangazi mganga."

"Amekudanganya, shangazi!"

"Saini ni yako, si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi."

Akaendelea kupalilia.

Aliishi miaka kumi na moja zaidi. Alinipikia, akanilelea wanangu, hakunitamkia neno baya hata siku moja. Ila mgonjwa akija na mimi nipo, alimwambia akae asubiri.

Shangazi naye alisubiri mpaka niondoke, ndipo aende kuchuma lile jani.

Wewe unayesoma hapa, usisaini usichokielewa, hata bosi akikuchekea vipi. Na ukimpa mtu wako ahadi ya mtu mwingine, ikivunjika atakuja kukudai wewe.

Fanueli nilishamsamehe. Mimi ndiye sijui kama nilisamehewa.